Visiwa vya Nchi Kavu: Maongezi juu ya Milima ya Usagara na Jirani Zake

 Maongezi yangu ya leo ni juu ya visiwa. Labda mtu wa Munisagara akisikia hivyo atacheka na kusema, "Mwalimu huyu amepotea njia. Pwani iko mbali nasi. Visiwa vyatuhusu nini sisi watu wa bara?" Nawaomba mnivumilie kidogo, maana visiwa nitakavyovitaja si Unguja, wala Pemba, wala Mafia. Ni visiwa mnavyoviona kila siku mkisimama milangoni pa nyumba zenu.

Kwanza tufahamu maana ya kisiwa. Watoto shuleni hufundishwa kwamba kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Maneno hayo ni kweli, lakini na tutazame maji yale yafanya kazi gani. Maji ya bahari huwatenga viumbe. Mnyama asiyeweza kuogelea hawezi kutoka, na mwenzake wa ng'ambo hawezi kuingia. Wakikaa hivyo maelfu na maelfu ya miaka, wale wa kisiwani hugeuka kidogo kidogo, hata mwisho hawafanani tena na ndugu zao wa bara. Kisiwani Unguja wako kima wekundu waitwao kima punju, wakaao katika msitu wa Jozani na mahali pengine. Asili yao ni Unguja tu. Huku bara hayuko hata mmoja. Basi kwa kiumbe akaaye ndani yake, kisiwa ni mahali alipotengwa. Kama ametengwa na maji ya chumvi, au na kitu kingine asichoweza kukivuka, kwake yeye ni mamoja.

Sasa simameni Munisagara mtazame. Mto Mkondoa wapita bondeni, na reli ya kati yafuatana nao, kama ilivyofuatana nao tangu Wajerumani walipoijenga kwenda Tabora, ilikofika mwaka 1912. Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa njia ya misafara. Mwaka 1871 Stanley alilifuata alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone. Upande wa kaskazini imesimama milima ya Ukaguru, na upande wa kusini milima ya Rubeho, na vilele vyake vyapita meta 2,000. Huko juu mna misitu mizito. Jua huingia kwa shida, ukungu hukaa asubuhi na jioni, na magome ya miti yamefunikwa manyoya ya kijani kwa ajili ya unyevu. Chini, tulipo sisi, mna joto, miyombo, majani yanayokauka kila kiangazi, na mashamba ya mahindi.

Mtu aweza kupanda na kushuka kwa miguu yake. Lakini chura wa ukungu, ambaye ngozi yake haina budi kuwa mbichi siku zote, hawezi kushuka na kuvuka bonde mpaka mlima wa pili. Atakauka njiani, kama vile panya angalizama akijaribu kuogelea kutoka Bagamoyo mpaka Unguja. Kwa chura huyo Ukaguru ni kisiwa, na Rubeho ni kisiwa cha pili, na bonde letu la Mkondoa ni mlango wa bahari upitao katikati yake. Sisi twalima na kupika ndani ya mlango wa bahari, nasi hatujui.

Wala visiwa hivi si viwili tu. Ni safu ndefu ianzayo katika vilima vya Taita, nchi ya Kenya, ikaja Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, kisha ikaishia Udzungwa na Mahenge. Wataalamu huiita Tao la Mashariki, kwa sababu ukiitazama katika ramani imejipinda kama upinde. Miamba yake ni ya kale sana, nao wakadiria kwamba milima yenyewe ilianza kuinuliwa si chini ya miaka milioni 30 iliyopita. Mlima Kilimanjaro, ambao sifa zake zimeenea ulimwenguni kote, haujatimiza miaka milioni 3. Kwa hiyo ukiutazama Ukaguru, wamtazama mzee ambaye Kilimanjaro ni mjukuu wake.

Labda mtauliza, "Kwa nini huko juu pawe na msitu wenye ukungu, na hapa chini pawe pakavu?" Sababu ni upepo. Pepo za kusi na za kaskazi hutoka Bahari ya Hindi zimechukua unyevu. Zikifika milimani hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, zikipoa haziwezi tena kuuchukua unyevu wake, nao huanguka kuwa mvua na ukungu. Upande wa mashariki hupata mvua nyingi, na upande wa magharibi hubakiwa na upepo mkavu. Mtu akipanda treni ya zamani hapa Munisagara, akapita Kidete na Godegode mpaka Gulwe, ataiona habari hii kwa macho yake: miti mibichi yapungua, mibuyu na miiba yazidi, na kabla ya siku kwisha ameingia katika nchi kavu ya Ugogo. Na kwa kuwa Bahari ya Hindi haikuacha kuleta unyevu, hata katika zile zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, misitu ya milima hii ilidumu. Viumbe waliokosa makao kwingine walisalia humo.

Sasa na tusafiri kidogo, ili tujue jinsi sura ya nchi yetu ilivyo ya namna nyingi. Tukiondoka Munisagara na kushuka na mto, milima yafunguka na twafika Kilosa. Mbele yake umelala uwanda wa Mkata, nchi tambarare yenye udongo mweusi, ambayo wakati wa masika hujaa maji na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Maji ya Mkondoa huelekea katika uwanda huo, kisha huungana na mto Wami na kumiminika katika Bahari ya Hindi upande wa Saadani.

Tukielekea kusini twafika Mikumi. Hapo ndipo ilipo hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1964, ambayo ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230, yaani karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja. Uwanda wa Mkata waendelea ndani yake, nao ni makao ya tembo, nyati, twiga, pundamilia, nyumbu, pofu na simba. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa yapita katikati ya hifadhi, hata abiria wa basi aweza kuwaona tembo bila kulipa ada ya kuingia. Wageni wengi hutazama uwandani tu, kwa kuwa ndiko waliko wanyama wakubwa. Lakini ndani ya hifadhi hiyo hiyo umo mlima Malundwe, unaopita kidogo meta 1,200, na kileleni mna msitu wa unyevu wa kilomita chache tu za mraba. Malundwe nao ni kisiwa katika safu yetu, tena ni kidogo kuliko vyote. Pande zote umezungukwa na miyombo na majani, kama mwamba mdogo uliosalia juu ya maji.

Tukizidi kwenda kusini, twavuka Ruaha Mkuu hapo Kidatu, na upande wa kulia twaona ukuta mrefu wa milima. Hiyo ndiyo Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Hapo Sanje maji huporomoka kwa ngazi ngazi, urefu wake yapata meta 170, na ukungu wake humlowesha mtu aliyesimama mbali. Ajabu ya Udzungwa ni kwamba msitu waanza chini karibu na mashamba ya miwa, nao wapanda bila kukatika mpaka juu milimani. Mahali pengi msitu wa chini umekwisha kukatwa, ukabaki wa juu tu.

Basi tumeona bonde la mto, uwanda wa maji, miyombo, kilele kidogo cha Malundwe, na ukuta wa Udzungwa. Safari yenyewe kwa gari haizidi siku moja. Watu huvuka bahari na kulipa fedha nyingi ili wayaone mambo haya.

Nitawaeleza sasa habari za wakazi wachache wa visiwa hivi. Katika milima ya Ukaguru yuko chura mdogo apandaye miti. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 2002, nao walipotafuta jina la kitaalamu, ambalo desturi yake ni Kilatini au Kiyunani, walichukua Kiswahili. Jina lake ni Churamiti maridadi. Wataalamu wa dunia nzima, wawe Wajapani au Warusi, hapana budi walitamke Kiswahili hicho. Nao hawajamkuta mahali pengine popote ila Ukaguru.

Wa pili ni kwale wa Udzungwa. Habari yake ilianzia chunguni. Mwaka 1991 wataalamu kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi msituni, wakaona katika chakula chao miguu ya ndege wasiyemjua. Walipomtafuta yu hai, waligundua kwamba jamaa zake wa karibu si kwale wa Afrika, bali ni wale wa misitu ya Asia. Baadaye ndege wa namna hiyo alionekana katika milima ya Rubeho pia, na mwaka 2005 waliandika kwamba huyu wa Rubeho ni wa peke yake, si yule wa Udzungwa, ijapokuwa wako wataalamu wasiokubali. Hata wakibishana, neno moja ni dhahiri: visiwa viwili vilivyotengana vimeanza kuwafanya ndugu wawili kuwa mbalimbali.

Wa tatu ni nyani mwembamba wa Sanje, ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1979. Wawili wao walikuwa wakichunguza msitu, wakasikia sauti wasiyoitambua. Wakamwuliza kiongozi wao, mwenyeji wa mahali pale, naye akawajibu mara moja kwamba huyo ni ng'olaga. Zingatieni jambo hili, ninyi vijana. Mnyama aliyekuwa mgeni kwa mabingwa wa vyuo vikuu alikuwa na jina kwa wawindaji na wakulima wa kijijini. Maarifa hayo yalikuwako. Yalikosa kalamu tu. Kwa hiyo ukiwa na babu ajuaye majina ya miti na ndege wa mlimani, keti karibu naye na daftari lako, maana siku zake zapungua.

Lakini mkazi wa kisiwa ana hatari ambayo mkazi wa nchi pana hana. Swala wa uwandani akikosa majani hapa, huenda kule. Wakifa wa bonde moja, wengine huja kutoka bonde la pili. Kisiwani hapana pa kwenda, wala hapana watakaokuja. Nitatoa mfano wa kweli. Katika mto Kihansi, upande wa kusini wa Udzungwa, palikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, urefu wake chini ya sentimita 3, azaaye watoto wazima badala ya kutaga mayai. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko tu, mahali padogo sana. Wataalamu walimwona mwaka 1996. Yapata mwaka 2000 mitambo ya umeme ilianza kazi, maji karibu yote yakaelekezwa katika mitambo, na manyunyu yakapungua sana. Walijaribu kuyarudisha kwa mabomba, tena ugonjwa ukaingia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo hayuko tena porini. Ilikuwa bahati kwamba karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazaana huko. Mwaka 2010 wajukuu wao wakaletwa Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wamejaribiwa kurudishwa Kihansi. Umeme ule ulihitajiwa sana, nami sikatai. Nasema tu kwamba kupoteza kulichukua miaka michache, na kurudisha kumewashughulisha watu na fedha za mataifa mawili.

Mwenye jembe aweza kusema, "Mwalimu, watoto wangu hawali chura wala kwale. Nataka shamba." Hilo ni neno la haki, na hapana budi nilijibu. Msitu wa juu haufugi vyura tu. Majani yake huunasa ukungu, na udongo wake mlaini hunywa mvua ya masika na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Vijito vishukavyo mpaka Mkondoa katika mwezi wa Septemba, wakati ambapo mvua haijanyesha siku nyingi, hutoka katika ghala hiyo. Watu wa Dar es Salaam nao hunywa maji ya mto Ruvu, ambao chemchemi zake nyingi ziko katika milima ya Uluguru. Mlima ukiachwa mtupu, mvua haipati wa kuinywa. Huteremka yote siku moja, ikachukua udongo, na baada ya wiki chache kijito kimekauka.

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mvua kubwa ilinyesha katika milima inayoulisha mto wetu. Mkondoa ulivunja tuta zake, ukaingia Kilosa, na maelfu ya watu wakapoteza nyumba na mali. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa, treni zikasimama muda mrefu. Sisemi kwamba ukataji wa miti peke yake ulileta msiba ule, maana mvua yenyewe ilikuwa nzito, na tuta zilikuwa za zamani. Lakini maji yaliyopita yalikuwa mekundu kwa udongo, na udongo ule ulitoka katika mashamba ya mtu fulani. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zapita Kilosa kwenda Dodoma juu ya njia mpya, yenye madaraja na matobo yaliyotobolewa milimani. Njia mpya yaweza kuinuliwa juu ya mto, lakini mashamba yetu hayainuliwi.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo manne, nayo si mageni.

La kwanza ni moto. Moto wa kiangazi uwashwao bondeni ili kusafisha shamba hupanda mlima usiku, na kila mwaka hula ukingo wa msitu kwa hatua chache. Kisiwa hupungua hivyo hivyo, kama pwani iliwavyo na mawimbi. Safisha kwanza njia ya kuzuia moto, na usiwashe siku ya upepo.

La pili ni kingo za mito. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu au zenye kuharibu katika meta 60 za ukingo wa mto. Najua kwamba udongo wa ukingoni ni mzuri kuliko wote. Lakini shamba la ukingoni ndilo la kwanza kuchukuliwa na maji.

La tatu ni kulima mteremko. Anayelima mlimani na alime kwa kukingama, si kwa kuteremka, na apige matuta au apande majani ya kuzuia udongo. Kazi hii ni ngumu mwaka wa kwanza, na ni nyepesi miaka inayofuata.

La nne ni msitu wa kijiji. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 yakipa kijiji ruhusa ya kutenga msitu wake na kuutunza kwa amri za wenyewe. Katika wilaya yetu ya Kilosa vijiji kadhaa vimefanya hivyo katika miyombo yao. Hukata sehemu ndogo kwa zamu ili kuchoma mkaa, huiacha ichipue tena, na sehemu ya mapato huingia katika shule, zahanati na visima. Kwa njia hiyo mkaa wapatikana chini, na msitu wa juu waachwa upumzike. Ulizeni habari zake katika mkutano wa kijiji. Afadhali kuiga jirani kuliko kungoja mgeni.

Nanyi vijana wa shule nina kazi kwenu. Wiki hii chagueni kijito kimoja kilicho karibu nanyi. Mfuateni kwa miguu mpaka mahali kinapotoka, pamoja na mwalimu au mzee wa mahali pale. Andikeni mlichokiona njiani: miti gani, ndege gani, mahali gani pameungua, mahali gani maji ni maangavu na mahali gani yametibuka. Mwulizeni mzee kilikuwaje alipokuwa mtoto. Rudini mwezi wa Oktoba mkiangalie tena. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maongezi yangu, maana kuona kwamaliza maneno.